Namna ya kumlilia Mungu ukiwa mgonjwa sana au shida imekubana

Watu wengi wakishapewa majibu mabaya hospitali wanajikuta hawawezi kuomba. Unakuta mtu alikuwa anaongoza maombi kanisani, mistari anaijua kwa kichwa, leo kalazwa, anafungua mdomo na hakuna kinachotoka zaidi ya "Mungu wangu, Mungu wangu", halafu anaanza kujihukumu kwamba imani imeisha, kwamba Mungu atamsikilizaje mtu anayeomba hivyo. Naandika kwa ajili ya huyo. Na kwa ajili ya anayemuuguza, ambaye mara nyingi amechoka kuliko hata mgonjwa mwenyewe, na kwa yule ambaye haumwi ila kazi imeota mbawa, deni limemzunguka, ndoa imevunjika au mtoto hajulikani alipo, maana kilio ni kilekile.

Mimi ni Mkristo kwa hiyo nitashika Biblia, na humo ndani wagonjwa na waliokata tamaa wamejaa kuliko watu wanavyodhani. Ninachotaka kusema kwa kweli ni kitu kimoja tu, mengine yote ni namna ya kukifanya: ukiwa kwenye hali hiyo usihangaike kutafuta maombi mazuri, omba maombi ya kweli, hata kama ni maneno matatu.

Anza na hali yako ilivyo

Kosa la kwanza wengi wanalofanya ni kuanza maombi kwa kujikaza. Moyoni umejaa hofu na hasira lakini mdomoni unasema "Bwana nakushukuru kwa kila jambo, naamini nimepona", kwa sababu umefundishwa kwamba ukikiri maumivu umeyakaribisha. Ndugu yangu, Mungu anajua unachowaza hata kabla hujakisema, sasa unamficha nini? Kama unaogopa kufa mwambie unaogopa kufa. Kama umemkasirikia mwambie. Wanaomwambia Mungu hasira zao bado wanaongea naye, wa kumhofia zaidi ni yule aliyenyamaza kabisa.

Fungua Zaburi uone. Zaburi ya 6 ni ya mtu anayelia usiku kucha mpaka godoro linaloa machozi, na anasema amechoka kuugua. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu utanisahau mpaka lini. Ya 22 ndiyo yenye ule mstari "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", na Yesu mwenyewe aliutumia msalabani, hakuona aibu. Halafu kuna ya 88, hii naipenda sana kwa ajili ya wagonjwa manake karibu zote za kilio zikifika mwishoni zinageuka kuwa sifa lakini hii haigeuki, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, basi, na bado imewekwa kwenye Maandiko Matakatifu iwe sala ya watu. Maana yake kuna siku unaruhusiwa kumaliza maombi ukiwa bado unalia.

Namna ya kuzitumia ni hii. Chagua moja tu, usisome tano kwa mkupuo. Isome kwa sauti, hata sauti ya chini, polepole, ukifika kwenye mstari unaoona huu ni mimi kabisa, simama hapohapo usiendelee. Rudia huo mstari. Halafu weka jambo lako ndani yake kwa maneno yako ya kila siku. Mfano umesimama kwenye "mbona umeniacha", basi unaendelea: "Mbona umeniacha, majibu ya vipimo yametoka yamekuwa mabaya kuliko mwanzo, watoto wangu wadogo, nani atawalea, mimi sielewi Bwana." Hayo ni maombi kamili. Hayana haja ya kuongezewa kitu ili yafike.

Kama kusoma kunakushinda, macho yana ukungu au dawa zinakulaza, mwambie mtu akurekodie kwenye simu. Sauti ya mtoto wako au mke wako akikusomea Zaburi ya 23, unaisikiliza kwenye earphone usiku wakati wodi nzima imelala, inasaidia kuliko mahubiri ya masaa mawili ya mtu usiyemjua.

Taja unachotaka

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu pale njiani aliliona hilo, lakini alipoitwa Yesu alimuuliza "Wataka nikufanyie nini?" (ipo Marko sura ya 10). Swali linashangaza ukilifikiria. Alitaka aseme mwenyewe. Kwa hiyo na wewe sema: nataka kupona. Nataka huu uvimbe uondoke. Nataka maumivu ya mgongo yapungue nilale japo usiku wa leo. Nataka daktari atakayenifanyia upasuaji kesho mkono wake utulie. Nataka hela ya matibabu ipatikane. Ukitaja hivyo vitu kwa majina utajisikia unaongea na mtu aliyepo chumbani, tofauti na "Bwana ubariki, Bwana uguse" ambayo hata wewe mwenyewe hujui umeomba nini.

Hapa kuna jambo linawachanganya watu, kwamba kama mwishoni nitasema "mapenzi yako yatimizwe" si ndo nimekata tamaa? Wengine wameambiwa kabisa kwamba kusema hivyo ni kukosa imani. Tazama Yesu alivyoomba Gethsemane usiku ule kabla ya kukamatwa. Kwanza anamwita Baba. Pili anasema yote yanawezekana kwako. Tatu anataja anachotaka wazi kabisa, uniondolee kikombe hiki. Ndipo anasema "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe". Utaratibu wake ndo wa kuufuata, na ona kwamba hakuanzia mwisho. Kuna watu wanakimbilia "mapenzi yako" kwa sababu wanaogopa kuomba wakakosa, wanajikinga wasivunjike moyo. Omba kwanza. Lia kwanza. Kujiachia mikononi mwake kunakuja baada ya kuomba, na huenda kusije siku ya kwanza, Yesu mwenyewe Mathayo anasema alirudi kuomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Paulo naye kuhusu ule mwiba wake, yaani shida ya mwilini iliyomtesa, aliomba mara tatu. Kwa hiyo ukirudia jambo lilelile jana leo na kesho usijione msumbufu.

Na kama imani yako ni ndogo sema ni ndogo. Yule baba aliyemleta mwanawe mwenye kifafa alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", nusu imani nusu mashaka kwenye sentensi moja, na mtoto wake aliponywa. Wala hakuambiwa akajipange arudi siku nyingine.

Ukiwa huna nguvu hata ya kuongea

Hii sehemu nataka niikalie kidogo maana ndiyo inayosahaulika. Mafundisho mengi ya maombi yametungwa na watu wazima wa afya: amka alfajiri, piga magoti, kesha, funga siku kadhaa. Mgonjwa mwenye dripu mkononi hawezi magoti. Mwenye homa hawezi kutulia hata dakika kumi akili ikiwa sehemu moja. Sasa afanye nini?

Afanye maombi ya pumzi. Chagua maneno machache yanayoingia kwenye pumzi moja ya kuvuta na moja ya kutoa. Wakristo wa Orthodox wana sala yao ya zamani sana, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", wanairudia taratibu na pumzi, nusu ukivuta nusu ukitoa. Unaweza kuchukua hiyo au ukachukua ya Bartimayo, "Yesu, unirehemu". Au "Wewe upo pamoja nami" ya Zaburi ya 23. Unalala ulivyolala, ubavu au chali, mikono ikae inavyoweza, unavuta pumzi taratibu ukisema moyoni "Bwana Yesu", unaitoa ukisema "unirehemu". Akili ikihama, na itahama, unairudisha bila kugombana nayo. Maumivu yakipanda usiache, yafanye yenyewe ndo iwe alama ya kusema tena. Ukipitiwa na usingizi katikati ya sala ni sawa, umelala mikononi mwa uliyekuwa unaongea naye.

Zipo saa ambazo ni ngumu kuliko nyingine na ni vizuri kuziandalia maneno mapema, kwa sababu zikifika hutaweza kutunga. Saa nane saa tisa usiku, wakati umeamka na mawazo yote yamekaa kifuani. Wakati unasukumwa kwenye kitanda unaingizwa chumba cha upasuaji, unaona taa za darini zinapita moja moja juu yako na mtu wako ameachwa mlangoni. Wakati umekaa kwenye benchi unasubiri jina lako liitwe uchukue majibu. Kila saa kama hiyo iwekee sala yake fupi, uiandike kwenye karatasi au kwenye simu, iwe tayari. Kwa mfano ya benchi iwe tu "Baba, chochote kilichoandikwa humo, usiniache nikisome peke yangu".

Na ile siku ambayo hata hayo hayatoki? Kuna Hana kwenye 1 Samweli sura ya 1, aliomba kwa uchungu mpaka midomo inacheza tu na sauti haisikiki, kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu alisikia. Na Paulo anaandika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo mgonjwa anayegumia tu kitandani, akiwa ameuelekeza moyo wake kwa Mungu, yuko kwenye maombi tayari.

Halafu usisahau kuna sala zilizoandikwa, Baba Yetu, rozari kwa Wakatoliki, litania, nyimbo za tenzi unazozijua tangu utoto. Kuna wanaozidharau eti ni za kukariri. Subiri uumwe ndo utajua thamani ya kitu ulichokariri. Akili inapokuwa haifanyi kazi, kinachobaki ni kile kilichokwisha kuingia ndani.

Waite watu, na uwaambie waombe nini

Yakobo sura ya 5 anasema mtu akiwa hawezi awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Neno ni awaite, yaani mgonjwa ndo anaanza. Watu hawajui kama hujawaambia, unabaki unalaumu kanisa kimya kimya kumbe mchungaji wako anadhani umesafiri. Piga simu au mtume mtu. Kama ni Mkatoliki mwombe padri Mpako wa Wagonjwa na usisubiri dakika za mwisho, ile sakramenti sio ya wanaokata roho peke yao, ni ya mtu yeyote mwenye ugonjwa mzito, hata kabla ya upasuaji mkubwa, na ugonjwa ukizidi au ukaumwa tena unaweza kupewa tena. Familia nyingi zinaogopa kumwita padri kwa kuhofia mgonjwa ataona anaagwa. Mwelezeni tu kwamba ni maombi ya kumtia nguvu.

Sio lazima wajue watu wote lakini. Wakati wa Gethsemane Yesu aliwachukua watatu wakasogea naye, wengine aliwaacha nyuma kidogo, na hao watatu ndo aliwaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Nawe chagua wawili watatu wanaoweza kutunza siri, hao uwaambie kila kitu. Grupu la WhatsApp la ukoo au la kanisa lipate taarifa ya jumla na ombi moja lililo wazi: "Naomba mniombee, Alhamisi asubuhi nafanyiwa upasuaji." Hiyo inatosha. Huwajibiki kueleza ugonjwa wako mpaka kwenye viungo vya ndani ili watu wakuombee.

Kuna wakati imani yako itakuwa imeisha kabisa, hapo tumia ya wenzako. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakakuta umati mlangoni, wakapanda juu wakatoboa dari wakamshusha na godoro lake. Maandiko yanasema Yesu aliiona imani yao. Yao, waliombeba. Kwa hiyo ukiwaambia wenzio "mimi leo siwezi kuomba, niombeeni ninyi", hujafanya kitu cha ajabu.

Na sasa niseme na ninyi mnaokwenda kuwatembelea wagonjwa, maana kwa kweli tunawachosha. Wanaingia watu kumi na mbili wodini, wanazunguka kitanda, mmoja anaanza kukemea kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili anajifunika shuka, maombi yanaenda nusu saa, mwingine anamsukuma mgonjwa kichwa, na yule mgonjwa anatabasamu tu kwa heshima huku anabanwa na mkojo, haja yake ni mtu amsogezee chombo. Fanya hivi. Nenda mmoja au wawili. Kaa, usisimame juu yake, kaa macho yenu yalingane. Muulize kwanza kama angependa muombe, na akisema sio sasa hivi, usinune. Akikubali muulize "nikuombee nini leo?" na usishangae jibu, huenda wewe ulijiandaa kuombea kansa na yeye anataka mwanawe waliyekosana aje kumwona. Omba hicho alichosema. Dakika mbili zinatosha. Unaweza kumshika mkono kama anapenda kushikwa, angalia sindano ya dripu isiguswe. Maliza na Baba Yetu, hiyo na yeye ataifuata hata kwa midomo. Halafu uliza kama kuna kitu cha mikono unaweza kumsaidia, maji, kuchaji simu, kufua, kumpokea mtu wake anayekesha naye ili akalale.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno kwa vile waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walifanya vizuri sana. Waliharibu walipoanza kueleza sababu.

Maombi na dawa ni pamoja

Hapa sitazunguka. Usiache dawa kwa sababu umeombewa. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, nabii Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Hezekia akageukia ukutani akaomba akalia sana. Isaya alikuwa hajafika mbali Mungu akamrudisha na ujumbe kwamba machozi yameonekana, ameongezewa miaka 15. Watu wanapenda kuishia hapo. Endelea mstari wa 7 wa 2 Wafalme 20: Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Ahadi ilishatolewa na bado dawa ikapakwa. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Luka alikuwa tabibu, anaitwa hivyo kwenye Wakolosai 4. Na kwenye Biblia ya Kikatoliki kuna Yoshua bin Sira sura ya 38, inasema waziwazi mheshimu tabibu, na dawa Mungu ndiye aliyezitoa katika ardhi, omba kisha mpe tabibu nafasi yake.

Kwa hiyo mtu akikuombea na ukajisikia umepona, utukufu kwa Mungu, sasa nenda kapime. Kama umepona kweli vipimo vitasema na daktari mwenyewe ndo atakupunguzia au kukuachisha dawa. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Hasa dawa za virusi vya ukimwi, insulini, za presha, za kifafa, za moyo, hizi ukikatisha ghafla unaweza kujiweka kwenye hatari kubwa au hata kupoteza maisha, na mtu aliyekuambia uzitupe hutamwona wodini.

Kufunga nako vilevile. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayemeza dawa zinazotaka chakula, muulize daktari kabla, na kama hairuhusiwi funga kitu kingine, funga simu jioni, funga televisheni, au waombe ndugu wenye afya wafunge kwa niaba yako. Mungu hatakudai chakula ambacho mwili wako unakihitaji kupona.

Na mtu akikuambia uponyaji wako umekwama mpaka upande mbegu, yaani utoe sadaka ya hela, ya kiasi fulani, au ununue maji au mafuta yake, ondoka. Wenye shida nzito ndo wanaowindwa sana na hao. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa ameshamaliza mali yake yote kwa kutafuta tiba, akaja kwa Yesu mikono mitupu, akagusa vazi, akapona, hakudaiwa kitu.

Ukijiuliza nimekosa nini

Hili swali linakuja tu, hata kwa mtu mwenye imani yake, hasa usiku. Na kuna ndugu watakuja kukusaidia kulijibu, watakutafutia dhambi, watatafuta laana ya babu. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyohivyo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akajibu hakutenda dhambi huyu wala wazazi wake. Na kitabu cha Ayubu kinaishia Mungu akiwakasirikia wale marafiki waliomlazimisha Ayubu akiri kosa ambalo hakulitenda.

Kutubu ni kuzuri muda wowote, kama kuna jambo linakusumbua liseme kwa Mungu, kama kuna mtu ulimkosea mpigie au mwandikie meseji, kama kuna aliyekuumiza na unaweza kuanza kumsamehe anza hata kwa kusema "Mungu nisaidie nitake kumsamehe". Ila fanya hivyo ili moyo wako upumzike, usifanye kama malipo ya kununua afya.

Siku zikienda na hakuna kinachobadilika

Kwa hapa naomba nisikudanganye. Paulo aliomba mara tatu mwiba ukabaki, alichopewa ni neno, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Paulo huyohuyo ambaye Matendo inasema Mungu alifanya miujiza kwa mikono yake, anaandika kwa Timotheo kwamba mwenzake wa safari, Trofimo, alimwacha mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Daudi alifunga akalala chini siku saba akimwombea mtoto wake, mtoto akafa. Hawa hawakuwa na imani haba. Kwa nini mmoja anaongezewa miaka 15 na mwingine haongezewi mimi sijui na sitatunga jibu.

Lakini maombi yanaendelea kuwa na kazi. Badilisha ombi taratibu, bila kuacha la kupona, ongeza mengine pembeni: nguvu ya leo tu, usingizi, kutokuwa mchungu kwa wanaonihudumia, ujasiri wa kumuuliza daktari ukweli, nafasi ya kusema na watoto. Kama hali inaelekea mwisho sema yale yaliyobaki kusemwa, andika maagizo yako, "tengeneza mambo ya nyumba yako" ni neno lililotoka kwa Mungu mwenyewe na kulifuata sio kukosa imani. Na unayemuuguza mtu ambaye haitikii tena, endelea kuomba karibu na sikio lake, taja jina lake, sema Baba Yetu, imba ule wimbo anaoupenda, maana wapo wanaosikia hata wakiwa hawawezi kujibu, na wewe huwezi kujua kwa macho nani anasikia.

Kuna pia wale ambao maombi yao yamegeuka kuwa "Bwana nichukue tu". Eliya aliomba hivyo chini ya mti, 1 Wafalme 19, inatosha sasa Bwana uichukue roho yangu. Mungu hakumgombeza. Alimtumia malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo safari ikaendelea. Kama wewe ndo uko hapo, mwambie Mungu kama Eliya, na leo hiihii mwambie na mtu mmoja mwenye mwili, nesi, daktari, mchungaji, ndugu, kwa maneno haya haya, "nawaza kufa". Usibaki peke yako usiku wa leo. Mara nyingi malaika anayetumwa anakuja kwa miguu na ana simu mkononi.

Ukipata nafuu

Wakoma kumi walitakaswa, aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja. Rudi basi. Shukrani usiisubirie mpaka ibada ya shukrani kubwa na watu wengi, anza na vidogo vinapotokea: leo nimekula na chakula kikakaa tumboni, leo nimetembea mpaka dirishani, leo maumivu yamechelewa kuja. Viandike na tarehe kwenye karatasi au simu ileile ulikoandika zile sala zako fupi, maana ukija kubanwa tena, na huenda ukabanwa, utahitaji kusoma ulikopita. Wataje kwa majina mbele za Mungu waliokuhudumia, yule nesi wa zamu ya usiku, aliyelala kwenye kiti, aliyelipa bili bila kusema. Ukisimama kutoa ushuhuda sema ukweli wote, kwamba uliogopa, kwamba ulimeza dawa, kwamba kuna siku ulishindwa kuomba, kwa sababu kwenye viti pale yupo mtu ambaye jana usiku ameshindwa kuomba na anadhani yuko peke yake. Tarehe za kliniki zifuate hata ukijisikia mzima. Na aliyekuwa kitanda cha pembeni ukamwacha pale, ulipata namba yake, mpigie umuulize nikuombee nini leo.